Ukurasa wa 41: kisa cha filamu ya gereza la wanawake iliyokwama Malindi

Siku ya nne ya upigaji, saa nane mchana, wanawake watano kati ya kumi na wawili waliokuwa wakiigiza wafungwa walivua sare, wakazikunja vizuri, wakaziweka juu ya meza ya mavazi na kutoka langoni. Hapakuwa na kelele wala matusi. Asubuhi ile walikuwa wamepewa ukurasa mpya wa 41. Mistari yake ilikuwa michache: wafungwa wanaoga pamoja, askari jela anasimama mlangoni akiwatazama. Ukurasa huo haukuwamo katika skripti waliyoisoma nyumbani, haukuwamo katika mazoezi, na hakuna aliyeulizwa. Mwenye pesa aliutaka usiku wa kuamkia siku hiyo, mwongozaji akauandika, mtayarishaji akauchapisha.

Kwa nje huu ni ugomvi wa heshima tu, na wengi wa mji waliuchukulia hivyo. Ni wa heshima kweli. Lakini ukikaa na ratiba, risiti na skripti mkononi utaona kwamba ukurasa ule ulikuwa pia onyesho ghali kuliko yote katika filamu nzima, na uliingizwa na watu walioamini kuwa ni wa bure.

Mpango ulikuwa hivi. Kurasa 84, siku tisa, kamera moja, lenzi mbili, taa nne za LED, maiki moja ya mti na mbili za kubana kifuani. Waigizaji kumi na sita: wafungwa kumi na wawili, askari watatu na mkuu wa gereza. Wafanyakazi kumi na mmoja. Siku moja ya kazi ilikadiriwa hivi: chakula cha watu 27 kwa shilingi 450 kila mmoja, 12,150, kamera na lenzi za kukodi, 12,000, taa na sauti, 6,000, jenereta na petroli, 5,500, usafiri wa tuktuk na pikapu, 4,000, posho ya waigizaji kwa shilingi 800 kila mmoja, 12,800. Jumla ni 52,450. Ikariri hesabu hiyo, maana kila kosa linalofuata hulipwa kwa siku, wala si kwa shilingi mojamoja.

Kurasa 84 kwa siku tisa ni zaidi ya kurasa tisa kwa siku. Kundi dogo lenye kamera moja likijitahidi hufika kurasa tano au sita zenye mazungumzo, saba zikiwa ndani ya chumba kimoja na taa hazihami. Kwa hiyo hata kabla ya ukurasa wa 41 filamu hii ilikuwa na deni la siku tatu au zaidi ambalo hakuna aliyelitaja.

Mahali palikuwa jengo la wafanyakazi la hoteli iliyofungwa. Malindi haikosi majengo ya namna hiyo, mabaki ya enzi ambapo wageni kutoka Italia walijaa msimu mzima. Waandishi walikuwa wameandika skripti wakiiwazia Ngome ya Lamu, na ndoto yao ina mantiki: ngome ile, iliyokamilika mwaka 1821, ilikuwa gereza tangu 1910 hadi 1984, na kuta zake zinasema bila kupambwa. Lakini leo ni makumbusho na maktaba ya watu, haiwezi kufungiwa siku tisa. Tena kutoka Malindi ni zaidi ya kilomita 200 hadi gati la Mokowe, kisha mizigo inapanda boti, kisha mikokoteni na punda. Kuiacha kulikuwa uamuzi sahihi. Kosa ni kwamba skripti haikuandikwa upya kwa ajili ya jengo jipya. Kurasa zilibaki na ua mkubwa, mnara wa mlinzi na lango la chuma, na hoteli haikuwa na hata kimoja. Ilikuwa na ujia wa mita 18, vyumba vinane, chumba cha kufulia na bafu la pamoja.

Filamu za gereza la wanawake zina desturi zake, na inafaa kujua zilikotoka kabla ya kuzifuata. Kampuni ya New World Pictures, iliyoanzishwa na Roger Corman mwaka 1970, ilitoa The Big Doll House mwaka 1971. Jack Hill aliiongoza huko Ufilipino, ambako kazi ilikuwa nafuu. Ikauza, zikafuata nyingine. Caged Heat ya 1974, filamu ya kwanza kuongozwa na Jonathan Demme, ilitumia jela halisi iliyokwisha kufungwa ya Lincoln Heights, Los Angeles. Viungo vikawa vilevile kila mara: msichana mgeni, mkuu wa gereza katili, mnyapara, ugomvi, bafu, kutoroka. Wanaoiga leo huchukua bafu kwanza, kwa kuwa ndilo lililowekwa kwenye mabango. Huacha somo lenye faida zaidi: jengo moja lililoachwa, kuta zinazofanya kazi ya pesa, na watu wengi waliobanwa mahali padogo. Na huko Japani mwaka 1972, kampuni ya Toei ilipoanza mfululizo wa mfungwa anayeitwa Nge, mwigizaji Meiko Kaji alimcheza mwanamke asiyesema ila maneno machache mno, na macho yake yakabeba filamu. Kwa kundi lenye maiki moja, mhusika mkimya ni akiba kubwa: hakuna sauti ya kuharibika, hakuna mstari wa kurudia.

Twende kwenye siku ya kwanza, kwa sababu hasara ilianza huko. Shoti kumi na moja za ujia zilipigwa kwa fremu 24 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, ya sekunde 1/60, jinsi kamera ilivyokuja kutoka dukani. Ujia uliangazwa na taa ndefu za mirija za hoteli yenyewe. Jioni, kwenye skrini kubwa, mistari ya giza ilikuwa ikipanda ukutani kama maji. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo mirija ya aina ile hupwesa mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/50 humeza mipweso miwili kamili, na kila fremu hupata mwanga sawa. Ile ya 1/60 humeza mmoja na theluthi mbili, basi fremu moja hupata zaidi na nyingine pungufu. Dawa ni fremu 25 na shata 1/50, uiweke kabla ya kutoka nyumbani na uibandike kwa utepe juu ya kamera ili mtu asiiguse. Na jenereta ndogo ya kawaida ikizidiwa, mwendo wake hushuka na mizunguko hushuka nayo. Mistari itarudi hata kama kamera iko sawa. Acha theluthi moja ya uwezo wake bila mzigo. Siku ya kwanza yote ilirudiwa.

Nondo za seli zilifanywa kwa akili, ila hazikukamilishwa. Mlango mmoja una upana wa sentimita 90 na kimo cha mita 2.1. Paipu za plastiki za sentimita 2.5, saba kwa mlango, huacha nafasi ya sentimita tisa kati ya moja na nyingine, na kichwa hakipiti, jicho linaamini. Paipu huuzwa kwa mita sita: kila moja hutoa nondo mbili na kipande cha mita 1.8 ambacho ukikikata katikati kinakupa fito mbili za kulala. Paipu nne zatosha mlango mmoja, kumi na mbili kwa milango mitatu, na milango mitatu ilitosha kwa vyumba vinane kwa kuihamisha. Mpaka hapo vizuri. Lakini paipu zilipakwa rangi bila kupigwa msasa kwanza, na kufikia siku ya pili viganja vya waigizaji vilikuwa vimekwangua rangi, weupe unachungulia mahali hasa ambapo kamera hutazama. Tena plastiki ikishikwa na mtu mwenye hasira hunepa. Njia iliyookoa: nondo halisi ya milimita 12 ikapitishwa ndani ya paipu mbili za katikati, zile zinazoshikwa, na nyingine zikaachwa tupu. Rangi nyeusi isiyong'aa ikachanganywa na unga wa mkaa uliochekechwa, ikapata ukwaruzo wa chuma kilichozeeka. Mlio ukachukuliwa usiku kwenye lango la kweli: kufuli, komeo, ufunguo, kila mmoja mara kumi, maiki ikiwa karibu na mbali.

Rangi ya ukuta sitaikawiza. Ujia wa mita 18, pande mbili, rangi ya kijivu hadi kimo cha mita 1.2, ni mita za mraba 43. Lita moja hufunika kama mita kumi za mraba kwa mkono mmoja wa rangi, kwa hiyo mikono miwili inataka karibu lita tisa. Walinunua kopo la lita nne, wakaliongeza maji. Ukuta ukatoka mabaka. Kwa bahati mabaka yanafanana na gereza.

Sare zilihitaji uangalifu zaidi, na hapa mshonaji alijua kazi yake. Hazikuwa kunguru, zile nguo za mistari za wafungwa, wala sare yoyote inayovaliwa na Magereza. Zilibuniwa, na hilo huondoa maswali mengi barabarani mwigizaji akionekana na askari wa kweli. Wafungwa kumi na wawili, nguo mbili kila mmoja kwa sababu ya jasho na damu ya bandia, mita mbili na nusu kwa nguo: mita 60 za amerikani. Kitambaa hicho kikiwa kipya ni cheupe mno. Kamera ikipima weupe, uso mweusi huzama gizani; ikipima uso, nguo huungua kwa mwanga. Mshonaji alizichemsha zote kwenye majani ya chai kwa nusu saa, akazianika kivulini, akazipiga msasa kwenye viwiko, magotini na kwenye kola. Zikashuka hadi rangi ya mchanga uliolowa. Nyuso zikaonekana. Hakuna taa iliyofanya kazi kubwa kuliko sufuria ile ya chai.

Sauti ilikuwa ngumu kuliko picha, kama ilivyo pwani daima. Ilikuwa Julai, kusi linavuma, na paa la makuti la jengo jirani halikunyamaza. Maiki ilikuja na sponji tu bila manyoya. Sponji haizuii kusi. Sakafu ya vigae na kuta tupu zilirudisha mwangwi. Mtu atasema gereza lina mwangwi, basi kuna shida gani? Shida ni kwamba mwangwi uliorekodiwa hautoki, na kila shoti huja na wake, kwa hiyo mazungumzo yakikatwa hurukaruka. Rekodi kavu, mwangwi utauongeza kwenye meza ya mhariri. Magodoro manne ya hoteli yalisimamishwa nyuma ya kamera na mablanketi yakatandikwa sakafuni nje ya picha, na tofauti ilisikika papo hapo. Baada ya kila onyesho, sekunde 60 za ukimya wa chumba zirekodiwe watu wote wakiwa mahali pao. Bila hizo mhariri hana cha kuzibia mianya.

Adhana nayo haikuwekwa kwenye ratiba, jambo la ajabu kwa watu wa Malindi. Adhuhuri kiasi cha saa sita na nusu, alasiri karibu na saa kumi, magharibi mara jua linapotua, na misikiti haianzi kwa pamoja, basi tenga kama robo saa kila mara. Siku tatu za mwanzo kazi ilikatizwa kati ya shoti, watu wakikasirika. Kuanzia siku ya sita nyakati hizo zikawa za sala, chai na kuhamisha taa. Muda uliopotea ukawa sifuri, kwa kuwa taa zilipaswa kuhamishwa hata hivyo.

Bahari ilisikika kila mahali, ilhali skripti ilisema gereza liko bara. Walitaka kuifuta bahari kwa programu. Mhariri akawashauri wabadili mstari mmoja wa mazungumzo na kulileta gereza pwani. Ushauri bora wa kazi nzima: sasa kuna mwanamke wa Bajuni aliyefungwa anayesikia mawimbi usiku kucha na hana dirisha la kuyaonea.

Sasa tupime ukurasa wa 41 kwa mizani ileile.

Bafu la hoteli lilikuwa na bomba nne, zote kavu. Tangi la lita 1,000 lingepandishwa juu na kujazwa kwa boza. Bomba moja hutoa kama lita nane kwa dakika, nne ni 32. Shoti kumi na mbili za dakika mbili ni lita 768, kabla ya jaribio hata moja. Maji ya visima vya karibu na bahari ni ya chumvi, na sabuni haitoi povu, na povu ndilo lililopangwa kuficha miili. Maji baridi hayatoi mvuke, ambao nao ulikuwa umeandikwa. Sakafu iliyolowa na nyaya za taa ni mauti: taa zote zingepaswa kukaa nje ya madirisha, eksitensheni zining'inizwe juu, na umeme upitie swichi inayojikata yenyewe ukivuja, ambayo jenereta ile haikuwa nayo. Nywele na nguo huhitaji dakika 20 hadi 30 kukauka ili shoti ifuatayo ifanane na iliyopita. Na chumbani wasingeruhusiwa wanaume, ilhali mshika kamera, wa sauti na wa taa wote walikuwa wanaume. Nusu ukurasa wa maandishi, siku nzima ya kazi. Ongeza siku iliyopotea watano walipoondoka, na hesabu inakuwa 104,900 bila bei ya boza.

Kuna na sheria. Kenya, chini ya Sura ya 222, sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, maombi ya leseni ya kupiga filamu huambatana na maelezo ya maonyesho na maneno yatakayosemwa. Onyesho linalozuka siku ya nne halimo katika kile kilichoombewa leseni. Baadaye Bodi ya Uainishaji wa Filamu hupanga filamu kwa madaraja ya GE (watazamaji wote), PG (watoto waongozwe na wazazi), 16 na 18, na onyesho moja laweza kuipandisha filamu nzima na kuifungia milango ya shule, kumbi za vijana na vituo vingi vya televisheni. Mwenye pesa aliyeutaka ukurasa ule ili filamu iuzike alikuwa akikata wateja wake mwenyewe.

Lakini lililo zito kuliko boza na leseni ni hili: mwigizaji wa Malindi anarudi nyumbani jioni. Ana mama, wajomba, wakwe, watoto wanaosoma. Filamu haitasambaa nzima. Zitasambaa sekunde kumi zilizokatwa, zikipita simu kwa simu bila jina la filamu, bila kisa cha mfungwa, na zitakaa miaka. Mwongozaji hatakuwamo katika sekunde hizo, wala mwenye pesa. Kumpa mtu ukurasa kama huo asubuhi ya kazi, ameshavaa sare, gari limeshaondoka na posho bado haijalipwa, ni kumbana. Filamu hii inahusu wanawake wanaoamrishwa na wenye funguo. Haikupaswa kutengenezwa vivyo hivyo.

Kazi ilisimama siku moja. Aliyeinusuru ni mama aliyecheza mnyapara, mtu mzima anayeheshimika harusini na matangani. Aliwaendea wale watano majumbani, si kuwasihi warudi, bali kuwauliza wanataka kuona nini kwenye karatasi. Kikaandikwa kile ambacho kingeandikwa kabla ya mazoezi: kila onyesho linalogusa mwili litajwe kwa namba, kionekane nini, kuanzia wapi hadi wapi, nani atakuwa chumbani, faili zitakaa kwa nani, mwigizaji aweza kukataa hata asubuhi ya siku yenyewe na posho yake isikatwe, na ukurasa mpya utolewe saa 48 kabla, usomwe mbele ya wote. Kurasa mbili, sahihi za pande zote. Watatu walirudi. Wawili walikataa, na hawakubembelezwa.

Ukurasa wa 41 ukaandikwa upya kwa swali moja: onyesho la bafu lilitakiwa kufanya nini katika kisa? Lilitakiwa kuonyesha kwamba humu hakuna faragha na kwamba mnyapara ana nguvu kuliko askari. Hilo halihitaji mtu avue nguo. Sasa wafungwa wamechuchumaa kwa safu kwenye chumba cha kufulia, ndoo moja ya lita 20 katikati. Mnyapara ana mche mmoja wa sabuni. Anaukata kwa uzi wa kushonea, taratibu, kipande baada ya kipande, na kila mmoja anahesabu kwa macho. Wako kumi; vipande vinatoka tisa. Kamera iko kimo cha goti, inaona miguu, viganja, uzi, maji yanayodondoka. Mstari ni mmoja tu, wa msichana mgeni: "Afande, mimi sijafikiwa." Askari anamtazama mnyapara, si msichana. Shoti saba, saa mbili na nusu, taa mbili, miche sita ya sabuni kwa ajili ya kurudia. Uzi uwe mnene wa nailoni; ule wa pamba ulikatika mara mbili sabuni ilipokuwa kavu, ikabidi miche ilowekwe dakika kumi.

Lilibaki pengo la wafungwa wawili ambao tayari walikuwa kwenye picha za siku tatu za mwanzo. Kuwatafuta wengine wanaofanana nao hakungefaulu, na kurudia siku tatu ni shilingi 157,350. Pengo likaingizwa kwenye skripti. Alfajiri, askari anaita majina kwa ajili ya hesabu, kumi wanaitika. Majina mawili yanaitwa mara ya pili, na hakuna anayejibu wala anayeeleza. Askari anapiga mstari daftarini na kuendelea. Kisha kamera inaingia seli, sekunde kumi na mbili bila muziki, juu ya kitanda ambapo sare mbili zimelala zimekunjwa, kola juu, mikono ndani, jinsi zilivyoachwa mezani siku ya nne.